Pima Kabla Hujafungua: Namna ya Kuifufua Mercedes W123 Nyumbani

Nyuma ya nyumba nyingi za Nairobi, Moshi, Mombasa na Dar es Salaam kuna gari lililofunikwa turubai. Aghalabu ni Mercedes-Benz ya mzee wa nyumba. Matairi yamekaa chini, boneti halifungi sawasawa, na stoo kuna maboksi ya vyuma ambavyo hakuna tena anayekumbuka vilitolewa wapi. Ukiuliza utaambiwa gari lilikuwa zima, likaanza kutoa moshi, fundi akaitwa, akafungua injini siku hiyohiyo. Hapo ndipo mambo yalipokwamia.

Magari mengi ya zamani hufia mikononi mwa watu waliotaka kuyaponya. Ufundi wanao, nia wanayo, ila wanafungua kwanza na kuuliza baadaye. Ushauri wote utakaousoma hapa umesimama juu ya kanuni moja: usifungue usichokipima, na usipime bila kuandika. Anayeishika kanuni hiyo anaweza kufanya ovaholi ya injini kwenye banda la nyumbani, akaimaliza, na akaliendesha gari lake mpaka sokoni na msibani.

Nitatumia mfano wa gari moja, Mercedes-Benz W123, kwa sababu ndilo gari la kifahari la zamani ambalo mtu wa kipato cha kawaida katika eneo letu bado anaweza kulipata na kulimudu.

Kwa nini W123

Mercedes-Benz ilianza kuunda gari hili mwaka 1976 na kuacha mwaka 1986, yakiwa yametoka karibu magari milioni 2.7. Yalibeba mawaziri na mabalozi, na huko Morocco yakafanya kazi ya teksi kwa miongo. Wingi huo ndio unaokusaidia leo. Spea bado zinatengenezwa, mafundi waliolizoea wapo, na Mercedes-Benz yenyewe ina kituo cha magari yake ya kale huko Fellbach, jirani na Stuttgart, kinachoshughulikia hata vitu vidogo kama vibanio vya mapambo ya mlango.

Aina zake ni nyingi. 280E ya petroli ina silinda sita, kamshafti mbili na nguvu inayofika farasi 185. Ni tamu kuendesha na ni ghali kuitengeneza. 230E ina silinda nne na mfumo wa petroli wa Bosch unaotaka fundi aliyeuzoea. Kwa anayeanza, mimi humshauri 240D, dizeli ya silinda nne. Farasi wake ni 65 tu kwa magari ya mwanzo na 72 kwa yale ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo mlima mrefu kama wa Kitonga utaupanda ukiwa na subira. Lakini haina kompyuta, haina plagi za cheche, na silinda hedi yake ni ya chuma cha kusubu. Injini hiyo, inayoitwa OM616, ndiyo nitakayoieleza.

Nunua bodi, achana na sauti ya injini

Mnunuzi mgeni husikiliza injini. Mnunuzi mzoefu hulala chali chini ya gari. Injini ya OM616 hutengenezeka hata ikiwa imechoka sana, ilhali bodi iliyoliwa na kutu hugharimu zaidi ya injini mbili. Nenda na sumaku ndogo, bisibisi na tochi. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Gusa kwa bisibisi sehemu nne za kuwekea jeki, sakafu chini ya mazulia, kitako cha betri, shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa kioo cha nyuma, na madigadi ya mbele nyuma ya gurudumu. Kama gari lina dirisha la paa, mwaga maji kidogo kwenye mfereji wake uone yanatokea wapi. Yakitokea ndani ya gari, tayari unajua sakafu ina hali gani.

Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja limevuta chumvi ya bahari miaka yote hiyo. Lililokaa Nakuru, Arusha au Dodoma kwa kawaida lina bodi ngumu zaidi, ingawa jua limepasua dashibodi. Kati ya dashibodi iliyopasuka na sakafu iliyooza, chagua dashibodi.

Kama uko Kenya, kumbuka kuwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane yamezuiwa kuingizwa nchini, hivyo tafuta lililopo tayari. Kisha soma karatasi. Namba ya chasisi ina tarakimu sita zinazotaja aina: 123.123 ni 240D, 123.223 ni 230E, 123.033 ni 280E. Namba ya injini ya 240D huanza na 616. Ukikuta injini inayoanza na tarakimu nyingine, au ukikuta injini ya Toyota imechomelewa humo, jua kwamba mtu alishabadilisha, na uhakikishe kadi au logibuku inasema hivyo. Namba zisizolingana ni kesi unayoinunua pamoja na gari.

Banda, vifaa na roho yako

Huhitaji gereji ya kifahari. Unahitaji sakafu ya zege iliyo sawa, paa, mwanga wa kutosha, na meza nzito. Zaidi ya spana za kawaida za milimita, nunua au azima vitu hivi: toki renchi, fila geji, maikromita, geji ya kompresheni ya dizeli (ya petroli haistahimili shinikizo la dizeli), stendi nne imara, na winchi ya kushushia injini. Nunua pia kitabu cha matengenezo cha injini yako hasa. Vipimo nitakavyotaja hapa ni vya kukupa picha. Vya kufungia injini uvitoe kitabuni.

Usalama usiuchukulie kama maneno ya adabu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Springi za mbele za W123 zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, na hutolewa kwa kibanio maalumu kinachoingia ndani ya springi. Kama huna kibanio hicho, kazi hiyo mpe mwenye nacho. Vumbi la breki za zamani na la klachi laweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lioshe kwa maji, usilipulize kwa hewa. Usiweke mkono kwenye nozeli inayopuliza dizeli, kwani shinikizo lake hupenya ngozi. Na gesi ya kiyoyozi cha enzi hizo, R12, inaharibu tabaka la ozoni: iondolewe na fundi wa viyoyozi mwenye mashine ya kuinyonya.

Vipimo kabla ya spana

Sasa injini. Moshi wa bluu unaashiria oili inayoungua. Moshi mweusi unaashiria dizeli nyingi au hewa kidogo, na mara nyingi dawa yake ni chujio jipya la hewa. Moshi mweupe asubuhi unaopotea injini ikipata joto unaashiria plagi za kupashia moto au kompresheni dhaifu. Mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, unaashiria gasketi ya hedi. Hizo ni dalili. Hukumu bado.

Anza na valvu. Katika OM616 nafasi ya valvu hupungua kadiri siti zinavyochakaa, na valvu isiyofunga vizuri huiba kompresheni na kukufanya uamini ringi zimekufa. Injini ikiwa baridi, nafasi ni milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Kazi hii inataka spana mbili za 14, fila geji, gasketi mpya ya kifuniko na asubuhi moja. Injini nyingi zilizohukumiwa ovaholi zilikuwa zinadai marekebisho haya tu.

Kisha badilisha machujio yote mawili ya dizeli, lile dogo linaloonesha ndani na lile kubwa la kufunga. Kagua pampu ndogo ya mkono iliyoko kwenye pampu kuu. Zile za zamani huvuja na kuingiza hewa, na injini yenye hewa ndani ya dizeli hutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Baada ya hapo ndipo upime kompresheni, injini ikiwa na joto. Injini mpya ya aina hii hutoa bar 22 hadi 24. Kiwango cha mwisho ni kama bar 15, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 3. Andika silinda kwa silinda. Silinda zote nne zikiwa na bar 20, usifungue kitu. Moja ikiwa na 14 na nyingine zina 21, tafuta hewa inakopotea: weka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa, kisha sikiliza. Sauti ikitokea kwenye mdomo wa oili, ni ringi au silinda. Ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa. Ikitokea kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingiza. Rejeta ikitoa povu, ni gasketi au hedi.

Pima pia presha ya oili. Geji ya kwenye dashibodi ya W123 inaishia bar 3. Ukiwa barabarani na injini ikiwa na joto, mshale unapaswa kukaa juu kabisa. Ukisimama, usishuke chini ya 0.5. Mshale ukilala, beringi au pampu ya oili vinahitaji kuonekana.

Mwisho pima cheni ya taimingi. Zungusha kranki kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida tu, mpaka alama ya kamshafti ikutane na alama ya mnara wake. Soma digrii kwenye puli ya kranki. Digrii moja au mbili ni uzee wa kawaida. Zikikaribia tano, cheni imerefuka na inataka kubadilishwa. Habari njema ni kwamba huhitaji kufungua mbele ya injini: cheni mpya huunganishwa na ya zamani kisha huvutwa ndani huku watu wawili wakishirikiana, mmoja akizungusha kranki polepole na mwingine akishikilia cheni isilegee kwenye meno.

Ukimaliza utakuwa na ukurasa mmoja wa namba. Ukurasa huo ndio utakaoamua kama unatoa hedi tu, kama unashusha injini nzima, au kama unafunga boneti na kwenda kushughulikia breki.

Kushusha na kufungua

Tuseme namba zimesema ovaholi. Kabla ya kushusha, osha injini kwa nje mpaka uone rangi ya chuma. Piga picha kila upande. Kila mpira wa vakyumu na kila waya uufunge karatasi yenye namba, na namba hiyo iandikwe daftarini. Bolti za kila sehemu ziwekwe kwenye mfuko wake wenye jina. Usiamini kumbukumbu yako. Ovaholi ya nyumbani huchukua muda, na baada ya mapumziko ya mvua za masika kumbukumbu itakuwa imekwenda na maji.

OM616 hushuka pamoja na giaboksi, ikitolewa kwa juu. Weka alama propela shafti kabla ya kuitoa ili irudi ilivyokuwa, maana vipande vyake vimesawazishwa pamoja. Ukiwa umeitoa, kagua raba zake mbili na beringi ya katikati. Injini ikiwa nje, banda la injini nalo lisafishwe na kupakwa rangi, bushi za usukani zibadilishwe, na vishikizo vya injini viwekwe vipya. Nafasi hiyo haitarudi kwa urahisi.

Unapofungua, endelea kupima. Angalia jinsi kila beringi ilivyolika, na uziweke kwa mpangilio wa silinda zake. Beringi iliyolika upande mmoja inaeleza konrodi iliyopinda, na ukizichanganya umepoteza ushahidi. Pistoni, konrodi na kofia zake zina namba. Kama hazionekani, ziwekee alama mwenyewe.

Kipi unafanya, kipi unapeleka

Hapa ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili. Wapo wanaopeleka kila kitu gereji na kubaki watazamaji, na wapo wanaosugua silinda kwa msasa wa mkono. Kanuni ni nyepesi: kufungua, kusafisha, kupima na kufunga ni kazi yako. Kuchonga chuma ni kazi ya mashine.

Silinda ipime juu, katikati na chini, na kila mahali pande mbili zinazokingamana. Ikilika au ikiwa yai kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ipelekwe karakana ya kuchongea. Bloku ya OM616 ina slivu kavu, kwa hiyo inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, au kuvishwa slivu mpya na kurudi saizi ya mwanzo. Hapo kuna mtego: injini za 240D za mwanzo zina kipenyo cha silinda cha milimita 91.0, na za baadaye 90.9. Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, atakuuliza gari ni la mwaka gani. Wewe mjibu kwa kipimo cha maikromita. Na usinunue pistoni kabla fundi wa mashine hajakuambia silinda zitaishia saizi gani.

Kranki nayo ipimwe kila shingo. Ikichongwa, huchongwa kwa hatua, kwa kawaida robo ya milimita kila hatua, na beringi hununuliwa za hatua hiyo. Hedi ipelekwe kukaguliwa nyufa na unyoofu, gaidi za valvu zikilegea zibadilishwe, na siti zisawazishwe. Vyumba vidogo vya mwako vilivyo ndani ya hedi vitolewe kwa kifaa chake, vikaguliwe ncha kama zimeungua. Pampu ya dizeli na nozeli vipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye benchi la kupimia. Pampu hiyo ya Bosch huishi muda mrefu sana, na kuifungua mezani kwako ni kuiua.

Fundi wa mashine mpelekee karatasi yenye vipimo vyako na vile unavyovitaka. Bloku ikirudi, ipime tena mbele yake kabla hujalipa. Fundi mzuri hatakasirika. Atakayekasirika amekuonesha jambo ulilohitaji kulijua mapema.

Kuhusu spea, usibane pesa kwenye vitu vinavyozunguka na vinavyoziba. Pistoni za Mahle au Kolbenschmidt, gasketi za Elring au Victor Reinz, cheni ya Iwis, nozeli za Bosch: hawa wamefanya kazi na watengenezaji wa magari ya Ujerumani kwa miaka mingi. Boksi peke yake halitoshi kukuhakikishia, kwa sababu boksi huigwa. Pima kilichomo. Beringi mpya yenye unene usiolingana na mwenzake ni feki hata kama chapa yake inang'aa.

Kufunga

Osha bloku kwa maji moto na sabuni, pitisha brashi kwenye kila njia ya oili, kausha kwa hewa, kisha paka oili papo hapo isishike kutu. Uchafu wa mashine ulioachwa kwenye njia za oili umeua injini nyingi zaidi ya spea feki.

Ingiza kila ringi ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni ikae sawa, na upime uwazi wake kwa fila geji kabla ya kuifunga kwenye pistoni. Beringi zipime kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya chuma na chuma, kisha upana wake ulinganishwe na kipimo cha kwenye pakiti. Bolti za konrodi ni za kuvutika: zina kiwango cha wembamba ambacho zikikifikia hazirudishwi. Za hedi, nyingine hukazwa kwa nguvu ya toki tu, nyingine hukazwa kwa toki kisha kwa pembe, kutegemea injini ilitoka lini. Tambua ulizonazo kabla ya kukaza ya kwanza. Fuata mpangilio wa kitabu, kwa hatua, bila haraka.

Baada ya kila sehemu kufungwa, zungusha kranki kwa mkono. Ikizunguka laini, endelea. Ikigoma, rudi nyuma hatua moja, usiilazimishe. Injini iliyofungwa kwa mtindo huo haikusubirishi mpaka mwisho ndipo ikwambie kuna kosa. Nozeli zirudishwe na vibati vipya vya kuzuia joto, kwa sababu vile vya zamani vikishabanwa havizibi tena. Taimingi ya pampu ni digrii 24 kabla ya pistoni ya kwanza kufika juu, na msaidizi mwenye macho mazuri wa kusoma alama ya puli atakufaa.

Kuiwasha mara ya kwanza

Kabla ya kuwasha, jua namna ya kuzima. 240D huzimwa na vakyumu ukigeuza ufunguo, na vakyumu ikivuja injini haisikii ufunguo. Chini ya boneti kuna mkono mdogo kwenye pampu ulioandikwa STOP. Mtu mmoja asimame hapo, akiwa na ubao wa kuziba njia ya hewa endapo injini itakimbia.

Jaza oili ya dizeli yenye ubora, jaza maji yenye dawa ya kuzuia kutu, toa hewa kwenye dizeli. Zungusha injini kwa stata huku mkono wa STOP ukiwa umebanwa, mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo uiachie iwake. Presha isipoonekana ndani ya sekunde chache, zima. Ikionekana, tafuta mvujo, sikiliza, na usiiache isimame ikiunguruma taratibu kwa muda mrefu. Ringi mpya hukaa vizuri injini ikipewa kazi ya wastani inayobadilikabadilika: panda, shuka, ongeza, punguza, bila mzigo mzito na bila kukanyaga mpaka mwisho. Oili ya kwanza imwagwe mapema, ndani ya kilomita 1,000, na uichuje kwa kitambaa cheupe uone kilichomo. Kisha pima tena valvu.

Breki na raba kabla ya rangi

Watu hukimbilia rangi kwa sababu majirani wanaiona. Breki haionekani, ndiyo maana huachwa. W123 ina diski magurudumu yote manne, na breki ya mkono ina viatu vidogo ndani ya diski za nyuma. Mipira ya breki ya zamani huvimba kwa ndani na kuziba, hivyo kanyagio linakuwa gumu na gurudumu linabaki limeshikwa. Badilisha yote, ubadilishe na maji ya breki. Soma tarehe ya matairi: tarakimu nne za mwisho za namba ya ubavuni ni wiki na mwaka, kwa hiyo 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri mkubwa litakupasukia njiani.

Bushi na raba zote za chini ni za kubadilisha kwa seti, kushoto na kulia. Vakyumu nayo huendesha vitasa vya milango, kizima injini na msaada wa breki. Nunua pampu ndogo ya mkono yenye geji, jaribu mrija mmoja baada ya mwingine, na andika ulioacha kushika. Tanki la dizeli litolewe lioshwe na chujio lake la ndani, la sivyo tope lake litaingia kwenye nozeli ulizozilipia juzi.

Rangi ndiyo ya mwisho. Kutu ikatwe na bati jipya lichomelewe, betri ikiwa imetenganishwa. Puti ni ya kusawazisha, na ikiwekwa juu ya kutu inaificha kwa muda mfupi tu. Ndani ya mashimo ya bodi ipulizwe nta ya kuzuia kutu, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Namba ya rangi ya asili imo kwenye kibati kilichoko mbele, chini ya boneti. Kuirudia rangi hiyo huongeza thamani ya gari kuliko rangi yoyote ya mtindo. Kwenye shindano la magari ya kale la Nairobi, Africa Concours d'Elegance, lililoanza mwaka 1970, waamuzi hukagua injini, ndani na chini ya gari pia, wala hawaridhiki na mng'aro wa nje. Viti vya ngozi bandia vya Mercedes vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi laini kabla ya kufikiria kuvishona upya, kwa kuwa vingi huamka.

Pesa na hukumu

Andika bajeti baada ya vipimo, kisha ongeza theluthi moja kwa yale usiyoyaona. Kama huna theluthi hiyo, usishushe injini bado: tengeneza breki, valvu na machujio, liendeshe hivyohivyo huku ukiweka akiba. Gari linalotembea huhifadhi bei yake na hamu yako. Lililo kwenye maboksi hupoteza vyote viwili. Ukishauriwa uingize injini ya kisasa kwa kuwa ni rahisi, pima pia gharama ya kubadili vishikizo, giaboksi, umeme na karatasi, na bei utakayokuja kupata siku ya kuuza. Mimi sijaona hesabu hiyo ikimfaidi mwenye gari lenye bodi nzima.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kumwita yeyote aje kufungua injini, tafuta daftari, fila geji, spana mbili za 14, gasketi ya kifuniko cha valvu na geji ya kompresheni ya dizeli. Jumamosi hii rekebisha valvu, pima kompresheni, andika namba nne. Namba hizo zikiwa nzuri, umeokoa fedha nyingi. Zikiwa mbaya, unajua unachokwenda kutengeneza, na hakuna fundi atakayekuuzia ugonjwa ambao gari lako halina.